Betri za Redio ya Bibi

Betri iliyoanikwa juu ya bati tangu asubuhi ina harufu yake. Ni harufu ya chuma kilichopata moto, yenye ukali kidogo unaokaa puani, na hata leo nikiisikia mate hunijaa mdomoni, kwa sababu baada ya kuzianika tulikuwa tunaziuma. Msimu ule harufu hiyo ilichanganyika na ya pamba. Tulikuwa Didia kwa bibi yetu mzaa baba, wakati wa kuchuma, na nyumba yake ya vyumba viwili ilikuwa imejaa pamba hadi karibu na paa, ikisubiri siku ya kupelekwa kwenye mzani. Tulilala juu yake. Ukijigeuza, maganda makavu yanakuchoma mbavuni, na asubuhi unaamka na nyuzi nyeupe kichwani utadhani umezeeka usiku mmoja. Baba alikuwa na kazi mgodini Mwadui, na kila likizo ndefu alitupakia kwenye basi tukamsaidie mama yake shamba. Tulikuwa watatu: Kulwa na Doto, pacha, Kulwa wa kiume na Doto wa kike, na mimi Shija niliyewafuata, msichana wa miaka minane, mfupi, mbishi, na mwepesi wa kulia pale kilio kilipokuwa na faida.

Mwaka huo tulikwenda na gemu. Shangazi yetu alikuwa akifanya kazi za nyumbani kwa familia moja ya Kihindi yenye duka la vitambaa Shinyanga mjini, na mtoto wao aliponunuliwa jipya, hili la zamani likatufikia sisi. Lilikuwa la plastiki ya kijivu, kubwa kuliko kiganja changu, lenye kioo kidogo cha rangi ya maji ya mchele na kitufe kimoja cha manjano kilichokuwa kimelegea. Chini ya kioo paliandikwa kwamba ndani mna michezo 9999. Tuliamini. Kulwa alipanga kabisa kwamba tukicheza mmoja kwa siku tutaimaliza tukiwa watu wazima, na Doto akamuuliza kama mkewe atakubali. Ukweli ni kwamba michezo haikuzidi dazeni. Iliyobaki ilikuwa ileile, imeongezwa kasi tu. Tuliyoijali ilikuwa mitatu na tuliipa majina yetu wenyewe. Kulwa alikuwa mtu wa magari. Doto alipenda matofali yanayoshuka kutoka juu, uyapange yasije yakajaa. Mimi nilikuwa na chura wangu, kidoti kimoja cheusi kinachovuka barabara sita, na ukikifikisha ng'ambo kinalia *pi*. Kwa ajili ya *pi* ile nilikuwa tayari kugombana na dunia nzima.

Betri zake zilikufa wiki ya kwanza. Tulizianika juu ya bati la banda la kuku, tukazigeuza kama mtu anavyogeuza samaki, na jioni tukaziuma kwa magego ili ziamke. Betri iliyoumwa inakupa dakika kumi, ukibahatika robo saa. Basi kila siku ulikuwepo mchezo mmoja tu, na kila siku ilibidi kuamua ni upi. Sidhani kama nimewahi kushiriki vikao vizito kuliko vile. Tulipiga kura, lakini pacha wakielewana mimi sina changu, na wasipoelewana kura yangu inakuwa ya dhahabu, nami niliiuza ghali: nani atachunga mbuzi, nani atamwachia mwenzake ukoko wa ugali. Halafu hata kuuma kukaacha kusaidia, na Doto, ambaye kimya chake siku zote kilikuwa na mpango ndani yake, akaitazama redio ya Bibi.

Redio ile ilikuwa ndogo, ya kutumia betri mbili ndogo kama zetu, na ilikuwa na historia. Baba yetu mdogo, Mayunga, kitinda mimba wa Bibi, ndiye aliyeinunua siku alipoondoka kwenda machimboni Geita. Alimwachia mama yake redio, akapanda lori, na kwa miaka sita hakuleta barua wala salamu. Kulikuwa na habari za mashimo yanayotitia, vijana wanaofukiwa, wengine wanaotajirika na kusahau kwao, na Bibi alizisikia zote. Kwa hiyo kila siku saa saba mchana aliacha kazi yoyote aliyokuwa nayo, akarudi kutoka shamba, akakaa kwenye kigoda mlangoni, akawasha redio kusikiliza matangazo ya vifo. Alisikiliza huku anatafuna karanga, ambazo ilibidi azitwange kwanza maana meno yalikuwa yamemwisha. Yakimalizika bila jina la Mayunga, alizima ili kuokoa betri, akasema, “Haya, leo mzima,” na kurudi shamba. Jioni matangazo yaliporudiwa alifanya vivyo hivyo. Sisi watoto tulidhani ni mazoea ya wazee. Leo nina watoto wangu, na nikikumbuka ile “haya, leo mzima” naumia.

Mpango wa Doto ulikuwa rahisi. Bibi akienda shamba asubuhi, tunahamisha betri kutoka kwenye redio kwenda kwenye gemu, tunacheza kidogo, tunazirudisha kabla ya saa saba. Ili zisichoke, tulizianika na kuziuma kama zetu, tukaamini tunamfanyia Bibi hisani. Tulikwenda hivyo karibu wiki mbili. Redio ilianza kukwama sauti, na Bibi akaipigapiga kwa kiganja akiilaumu kwa Kisukuma.

Siku ninayotaka hasa kuisimulia, ilikuwa zamu yangu ya kubaki nyumbani kulinda pamba dhidi ya mbuzi, na pacha walijidai wanaumwa tumbo ili wabaki nami. Kulwa aliweka betri, akawasha, na gemu likaanza kupiga wimbo wake mdogo wa kukaribisha, ule unaorudiarudia hadi uchague. Tukaanza kuchagua. Kulwa akasema magari, kwa sababu jana yalikatishwa. Doto akasema matofali, kwa sababu magari yalichezwa juzi pia. Mimi nikasema chura, na safari hii nikakataa kuuza kura yangu kwa bei yoyote. Nililala kifudifudi juu ya gemu lenyewe na kulia. Waliniahidi ukoko, wakaniahidi kuchunga kwa niaba yangu, wakanivuta miguu. Nilikataa. Chini ya tumbo langu wimbo uliendelea, ukaendelea, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kuuzima. Tulikuja kushtuka ulipoanza kuvutika kama mtu anayesinzia, halafu ukanyamaza. Hatukuwa tumecheza chochote. Jua lilikuwa juu ya vichwa vyetu, na Bibi alikuwa anakuja njiani na kapu la pamba.

Tulizirudisha betri mbiombio. Bibi akakaa, akawasha. Taarifa ya habari ilipita kwa sauti ndogo ya kukoroma, nasi tulisimama nyuma yake tukiombea. Matangazo yakaanza. La kwanza, la pili. La tatu msomaji akasema: “Ndugu Mayunga Ngasa wa Geita…” Redio ikakata.

Lazima nieleze jambo ambalo msikilizaji yeyote wa wakati ule alilijua. Tangazo la kifo huanza na jina la anayetangaza. Jina la marehemu hufuata. Bibi alilijua hilo kuliko sisi. Aliinuka, kapu likamwagika, akapiga kigelegele kimoja kilichowashtua kuku. “Yu hai! Ng'wanawane, mwanangu, yu hai!” Akacheka, akatukumbatia kichwa kwa kichwa, sote watatu. Kisha akaacha kucheka. Mikono yake ilibaki mabegani mwetu lakini uso uliondoka. “Sasa kafiwa na nani?” akauliza. “Huko ana nani wa kufiwa naye?”

Akafungua redio, akatoa betri, akazisugua kwenye khanga yake, akazitazama kwa muda, kwa karibu sana, akazirudisha. Hakuna kitu. Jirani mwenye redio alikuwa ameisikia Geita lakini alikuwa anapepeta mtama, hakushika majina. Bibi akarudi kukaa kwenye kigoda, amepakata redio iliyokufa, akisubiri jioni kana kwamba jioni ingeileta sauti yenyewe. Hapo sikulia. Ndiyo mara ya kwanza nakumbuka kutaka kulia na kushindwa.

Kulwa ndiye aliyetamka. Tulikuwa nyuma ya banda la kuku. Alisema hatuna hela, lakini tuna gemu. Doto alilifuta vumbi kwa sketi yake. Tukatembea hadi senta, kwenye duka la Baba Rehema, na tukiwa njiani Doto akatoa betri zetu za zamani zilizokuwa zimeanikwa siku tatu, akasema pengine zina mchezo mmoja wa mwisho ndani yake. Tuchague. Tulitazamana. Kulwa akasema, “Chura, kama Shija anataka.” Nikatikisa kichwa. Tulifika dukani bila kucheza.

“Shikamoo, Baba Rehema.”

“Marahaba. Mna nini hapo?”

Kulwa akaeleza kwamba tunataka kubadilisha na betri mbili mpya. Baba Rehema akaweka za kwake, akawasha, akabonyeza hapa na pale, na wateja wawili wakasubiri sukari yao huku yeye akipanga matofali. “Mna uhakika? Msije kesho mkanililia hapa. Kitu hiki na betri mbili wapi na wapi.” Doto akamwambia betri ni za redio ya Bibi. Yeye alimjua Bibi, na nadhani aliona nyuso zetu. Akatupa mbili, akaongeza mbili za akiba.

Jioni redio iliongea vizuri kama siku iliyonunuliwa. “Ndugu Mayunga Ngasa wa Geita anasikitika kutangaza kifo cha mke wake mpenzi, kilichotokea jana. Mazishi yatafanyika kesho saa nane mchana. Habari zimfikie mama yake mzazi, Bibi Nkwimba wa Didia, Shinyanga. Anaombwa afike bila kukosa.” Bibi hakujua kama ana mkwe. Basi la alasiri la kwenda Kahama, ambalo lingemwezesha kulala huko na kuunganisha alfajiri, lilikuwa limeshapita mbele ya nyumba yetu na honi yake. Aliondoka kesho yake asubuhi, akafika Geita jua likizama, kaburi limeshafunikwa. Baada ya siku nne alirudi na mtoto wa kike wa miaka minne amembeba mgongoni, aliyenyonya kidole na kututazama bila kupepesa. Huyo ndiye Minza. Bibi alitusimulia kwamba alimkuta amekaa peke yake kwenye ndoo iliyopinduliwa, kwa sababu siku nzima ya mazishi ya mama yake hapakuwa na mwanamke wa ukoo wa kumshika. Alilisema hilo mara moja tu, huku anachochea uji. Tangu hapo tulishindana kumtumikia Bibi. Tulimchotea maji kabla hajatuma, tulimtwangia karanga, tuligombea kumbeba Minza. Majirani walimsifu Bibi kwa malezi. Hakuna aliyetuuliza, nasi hatukusema, hata Bibi alipofariki miaka mingi baadaye akiwa na Mayunga na Minza kando ya kitanda chake.

Sasa mimi ni mwalimu Kahama, na mwaka huu mwanangu mkubwa aliniagizia kidude cha mkononi cha kuchaji kwa waya, kimejazwa michezo ya zamani ya kila aina, maelfu ya kweli safari hii. Nilifurahi kupita kiasi. Jumapili baada ya kanisa nakaa barazani, nawasha, napekua orodha. Nausoma mmoja, nasema hapana, nashuka chini, narudi juu. Chai inapoa. Mara nyingi nazima bila kucheza hata mmoja na sijui nimechoshwa na nini. Chura nimemkuta, tena wa rangi, anaruka vizuri. Nimemvusha mara moja. Hakunifurahisha, na niliona aibu kwa jinsi nilivyokuwa nimemtegemea.

Jumapili iliyopita Minza alikuja kutoka Segese, anakoshona nguo, akaniletea kitenge. Aliniona napekua, akauliza kama utotoni tulikuwa na kitu kama hiki. Sijui ni kwa nini siku hiyo. Nilimwambia yote: mpango wa Doto, mimi kulalia gemu, wimbo uliopiga hadi ukafa, basi la alasiri. Nilimwambia kwamba kama ningekubali magari au matofali, Bibi angefika kabla ya mazishi, na yeye asingekaa peke yake kwenye ile ndoo. Nilimwomba msamaha, nami nalia kweli, bila faida yoyote.

Minza aliacha nimalize. “Dada, mbona Bibi alijua,” akasema. “Aliniambia nikiwa darasa la tano. Siku ile alipozitoa betri alikuta zimejaa alama za meno. Akasema, ‘Na mimi meno ya kuumia betri nayatoa wapi?’”

“Alijua na hakusema?”

“Alisema mnajua wenyewe kosa lenu, inatosha. Halafu akaniambia nisiwaambie kwamba anajua, mtaacha kumchotea maji.”

Tulicheka mpaka jirani akachungulia. Kisha nikamwona tena Bibi pale mlangoni, betri mbili kiganjani, anazitazama kwa karibu sana, na sisi nyuma yake tunaombea. Mwanamke aliyekuwa hajui nani kafa, na tayari alikuwa ameshatusamehe. Nikafuta macho, nikamsogezea Minza kidude, nikamwambia achague mchezo tucheze, wowote autakao, ipo maelfu. Akakishika, akakitazama kikiwaka na kupiga wimbo wake, akanirudishia.

“Zima kwanza, dada,” akasema. “Tukishaelewana ndipo uwashe.”