Kinyozi Aliyemnunia Mungu

Kinyozi hakuacha kumwamini Mungu, kwa hilo asisingiziwe. Alimnunia tu. Na huwezi kumnunia mtu ambaye hayupo.

Kisa chenyewe kilikuwa uchaguzi wa mzee wa kanisa. Wagombea walikuwa wawili: yeye, na fundi viatu wa mlango wa pili. Kinyozi aliomba wiki nzima, akafunga siku mbili, akanyoosha suti. Lakini alipopewa kikaratasi cha kura akaona haya kuandika jina lake mwenyewe. Mtu mwenye adabu zake atajipigiaje kura? Akampigia fundi viatu, akamwachia Mungu kazi iliyobaki. Fundi viatu akashinda kwa kura moja.

Miaka minne ikapita hajamsemesha Mungu hata neno. Kanisani alikwenda, tena mapema, akakaa mbele kabisa ili aonekane vizuri kwamba amenuna. Wenzake wakifumba macho, yeye alitazama feni. Haja zake alizipitishia kwa mkewe, mpishi wa shule, mwanamke mpole ila si mjinga.

"Mwambie Bwana wako mashine yangu ya kunyolea inazimika ovyo," alisema. "Na mwambie goti limeanza tena."

Mkewe alipiga magoti chumbani akayafikisha. Kinyozi alisimama nyuma ya mlango kuhakikisha hakuna kilichopunguzwa.

"Hukutaja goti," alilalamika siku moja.

"Nimetaja. Wewe ulikuwa unakohoa."

Basi wakaishi hivyo, mpaka mke akaotwa na uvimbe shingoni. Akafanyiwa upasuaji, ukatolewa. Daktari akawaketisha wote wawili, akawaeleza kwamba uvimbe umepelekwa maabara kuangaliwa kama ni ule mbaya, majibu ni baada ya siku kumi. Na kwa siku hizo kumi mama asitoe sauti, hata ya kunong'ona.

Walipofika nyumbani kinyozi alimnunulia daftari na kalamu, akamwekea mito mgongoni, akazunguka kitanda mara tatu. Kisha akakohoa.

"Mama watoto, mwambie Bwana wako hayo majibu yawe mazuri."

Mkewe akaonyesha shingo yake iliyofungwa bandeji.

"Basi kimoyomoyo. Moyo si haukupasuliwa?"

Mkewe akachukua kalamu, akaandika polepole, akamgeuzia daftari. *Nikifumba macho naiona maabara tu. Sijaomba tangu juzi. Naogopa, mume wangu. Mwambie wewe.*

Kinyozi alisoma, akasema kuna mteja anamsubiri, akatoka mbio kama mtu anayedaiwa.

Na kweli mteja alikuwepo. Tena nani? Fundi viatu, mzee wa kanisa mwenyewe, amekaa kitini anasubiri kunyolewa. Kinyozi akamfunga kitambaa shingoni, akawasha mashine, akanyoa upande wa kushoto wote. Alipofika utosini akaishia hapo. Akazima mashine. Akasimama katikati ya duka, macho juu kwenye dari.

"Shikamoo," alisema.

"Marahaba," akajibu fundi viatu, akishangaa, maana walikuwa rika moja.

"Tulia, siongei na wewe."

Fundi viatu akatazama dari, akatazama nusu ya kichwa chake kwenye kioo, akaelewa. "Nikusaidie kuomba?" aliuliza taratibu. "Ni kazi yangu."

"Usituingilie. Haya ni ya watu wawili." Kinyozi akavuta pumzi. "Miaka minne nakusubiri uje tuyamalize. Nilikuomba kitu kimoja tu. Ungeshindwa nini na kura moja? Kura yangu mwenyewe nilimpa huyu hapa kwa adabu, na Wewe uliniona ukanyamaza!"

"Kumbe ulinipigia mimi?" fundi viatu alisema. "Loo. Na mimi nilijipigia mwenyewe."

Kinyozi akamgeukia, mdomo wazi. Siku nyingine angemtoa dukani na kichwa chake nusu. Lakini ile hasira aliyoilea miaka minne aliitafuta asiione, na mahali pake pakabaki woga mtupu. Akakaa kwenye benchi la wateja.

"Haya, tuyaache hayo," alisema, sasa kwa sauti ndogo. "Mke wangu anaogopa. Yeye ndiye aliyekuwa akinisemea kwako, na leo hata kukuita hawezi. Na mimi naogopa kuliko yeye, ila sijamwambia. Uzee wa kanisa ninyime mpaka nife, sitanuna. Huyu niachie. Nimekuomba."

Akalia kwa sauti, kwenye kitambaa cha kufutia nywele. Fundi viatu alikaa kitini muda wote huo, kichwa nusu, na wateja wawili waliochungulia akawapungia mkono waende zao.

Kuanzia siku hiyo kinyozi hakunyamaza. Alisema na Mungu akifagia, akinoa wembe, akimpikia mkewe uji ulioungua. Mambo ya miaka minne si haba. Usiku wa tisa hakulala, na mkewe naye hakulala, ila kila mmoja alijifanya amelala kwa ajili ya mwenzake.

Siku ya kumi daktari akafungua bahasha, akasoma, akatabasamu. Uvimbe haukuwa na ubaya wowote. Mama yuko salama, na aanze kuongea kidogo kidogo.

Kinyozi hata mkono hakumpa daktari. Alitoka mpaka kwenye korido, akaegemea ukuta, akaanza kushukuru kwa sauti, machozi yanamtiririka, mikono inapaa, wauguzi na vitoroli vyao wanampita pembeni. Akashukuru, akarudia, akaanza upya. Mkewe alisimama nyuma yake akingoja, kwanza kwa heshima, kisha kwa subira, na subira ikamwishia. Akamvuta shati.

"Ukimaliza," alisema kwa sauti iliyokwaruza, ya kwanza baada ya siku kumi, "nipishe na mimi."