Narcisa na Safari ya Mikongojo

Boti letu liliitwa Golondrina. Lilibeba wageni kumi na sita, likiwazungusha visiwani polepole wiki nzima: asubuhi kuangalia ndege, mchana kuogelea na kasa, jioni kula na kulala. Lilikuwa na viboti viwili vya mpira vya kuwashusha watu nchi kavu, na kimoja kilikuwa cha Narcisa Tupiza. Nasema kilikuwa chake, ingawa mwenye mali yote alikuwa doña Piedad, bibi wa mjini Puerto Ayora, kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyethubutu kugusa injini ile bila ruhusa ya Narcisa.

Mimi Eloy nilikuwa mhudumu wa meza na baa, kwa hiyo nilimjua tangu siku aliyoingia. Tulikuwa tumetia nanga bandari ya Villamil, na mwendesha kiboti wetu alikuwa ametoroka alfajiri ile kwenda kuvua kamba na binamu zake. Nahodha wetu, don Hólger, alikwenda gatini akiwa amekunja uso. Akamkuta mwanamke mnene, kajifunga kitambaa kichwani, anapakua samaki kutoka boti la baba yake.

"Natafuta mwanamume wa kuendesha kiboti wiki moja," don Hólger akamwambia. "Unamjua yeyote?"

"Mwanamume sina," Narcisa akasema, bila kuacha kazi. "Mwendeshaji unamwona."

Baba yake alikuwa mvuvi aliyezaa mabinti tu, na wote aliwafundisha kusoma mawimbi kabla hawajajua kusoma kitabu. Don Hólger alimtazama, akaitazama saa yake, akamwambia apande. Mpishi wetu alipomwona akaguna. "Leo tutafika nchi kavu kwa kuogelea," akasema kwa sauti ya kutaka asikike.

"Wewe unaogopa kulowa," Narcisa akamjibu, "au unaogopa kuoga?"

Tulicheka hadi mpishi mwenyewe akacheka. Wiki ile moja ikawa miaka.

Alikuwa na njia yake ya kufika mwambani. Wengine huja kwa kasi, wanagonga, wageni wanaegemeana. Narcisa alikuwa akikaa nje kidogo, anaongea na kuimba nyimbo asizozijua vizuri, kumbe anayaangalia maji. Halafu pua ya kiboti inalala juu ya jiwe kama kikombe kinachowekwa mezani. Jambo moja tu lilimkera: kuulizwa kama ana uhakika. "Kama sina, utaniona nimekaa," alikuwa akijibu.

Sasa, mwaka mmoja, mwezi wa Julai, ule msimu wa manyunyu na baridi, tulipata familia kutoka Cuenca, kule milimani. Walikuwa wamemleta bibi yao, doña Zoila, kama zawadi ya kutimiza miaka themanini. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye misuko miwili, kofia ya majani kichwani. Maisha yake yote alikuwa ameuza nguruwe wa kuchoma na mahindi ya kuchemsha sokoni. Mwaka uliotangulia alivunjika nyonga, na sasa alitembea na mkongojo. Binti yake Germania alimlinda kama yai. Kila tukifika kisiwani, watu wanapanda viboti, yeye anabaki juu ya sitaha amefunikwa blanketi.

"Mama, utaona kila kitu kutoka hapa," Germania alikuwa akimwambia. "Eloy atakuletea chai."

Nilimletea chai siku tatu. Siku ya tatu akanishika mkono. "Kijana, chai yako ni nzuri. Lakini mimi sikupanda ndege kuja kunywa chai."

Narcisa alikuwa pale pale, anafunga kamba. Akauliza, "Bibi, kwani hushuki kwa nini?"

"Muulize binti yangu. Yeye ndiye mwenye nyonga yangu siku hizi."

Kesho yake tulikuwa Fernandina. Wanaokijua kisiwa kile wanajua kwamba pa kushukia ni ngazi ya mwamba mweusi katikati ya mikoko, na ule mwamba una ute. Wakati wa kifungua kinywa Narcisa aliingia sebuleni, miguu mitupu, akasimama mbele ya don Hólger.

"Nahodha, leo bibi anashuka."

"Bibi gani?"

"Tuna bibi wangapi?"

Don Hólger akaweka kijiko chini. "Narcisa. Akianguka pale, hospitali iko wapi? Niambie wewe."

"Akianguka. Nani kasema ataanguka? Maji yatakuwa yamejaa asubuhi hii, yatalingana na ngazi. Nampeleka wa kwanza, peke yake, kabla wengine hawajachafua njia kwa viatu. Eloy atabeba kiti."

"Mimi?" nikasema.

"Wewe. Una mikono, huna?"

Germania alikuwa amesimama tayari, uso umemwiva. "Mama yangu haendi popote. Nani atawajibika?"

Hapo Ramiro, mwongozaji wetu, akaingilia. Ramiro alikuwa mtu mpole, mwenye majina ya ndege wote kichwani, na sheria za hifadhi alizishika sawasawa. "Mimi nitakuwa pale," akasema. "Kiti kikikaa juu ya mwamba mtupu, ndani ya njia, na kikarudi, sioni tatizo. Ila nahodha ndiye anayeamua."

Don Hólger akamgeukia bibi. "Doña Zoila, wewe mwenyewe unasemaje?"

"Mimi nimeshavaa viatu," bibi akasema.

Ndivyo nilivyojikuta kwenye kiboti na kiti cha plastiki mapajani. Bibi alikaa katikati, kashika mkongojo kama fimbo ya ofisa. Narcisa akasimamisha kiboti mbele ya ngazi, akaanza kuimba. Mawimbi yakaja, moja kubwa, jingine, kisha maji yakatulia kidogo. "Bado, mamangu. Bado." Ramiro alikuwa ameshatangulia ngazini, mkono ameunyoosha. "Sasa!"

Doña Zoila akainuka akavuka, kama mtu anayeingia chumbani kwake.

Akageuka akamtazama Narcisa. "Ndiyo hivyo tu?"

"Ndiyo hivyo tu."

"Na siku zote hizi nimekaa kule juu kama mtungi!"

Tukaweka kiti hatua chache mbele, pale njia inapopanuka. Mwanzoni bibi alidhani mwamba ni mwamba. Kisha mwamba ukaanza kupiga chafya. Mijusi ya baharini ilikuwa imelaliana pale mamia kwa mamia, myeusi kama lava yenyewe, na kila mara mmoja anainua kichwa anarusha maji puani.

"Huyu ananitemea mate!" bibi akasema.

"Ni chumvi, bibi," Ramiro akamwambia. "Wanakula mwani chini ya bahari, chumvi wanaitoa puani."

"Basi wafundishwe kugeuka pembeni."

Wengine wakashuka, Germania wa kwanza. Kulikuwa na bwana mmoja wa Guayaquil mwenye kamera ndefu kama bomba la maji, na yeye alitaka kwenda hadi mwisho wa njia, kule uwanda wa lava unakoanzia. Ramiro akatazama kundi, akamtazama bibi, akaamua. Mwongozaji hawezi kugawanyika mara mbili. "Leo hatuendi mbali," akasema. "Leo tunakaa."

"Kukaa?" yule bwana akasema. "Nimekuja kuona kisiwa, si kuhudhuria kikao."

"Kaa kidogo tu. Ukichoka, niambie."

Akakaa, kwa kununa. Nami nikakaa, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Miaka yote niliyokuwa nikizunguka visiwa vile, nilikuwa nimeviona kati ya sahani moja na nyingine. Tuliponyamaza, kisiwa kikaendelea na shughuli zake. Kaa wekundu walitoka mashimoni. Kipanga akatua karibu, akatukagua, akatudharau. Halafu mnandi, ndege wale wa kwetu wasioruka, wenye vijibawa kama nguo iliyosinyaa kwa kufuliwa, akatoka baharini na kipande cha mwani mdomoni. Akapita mbele ya kiti cha bibi akiyumba, akaenda kwa jike lake lililolalia mayai, akampa. Jike likaupokea, likautazama upande huu na upande ule, likauchomeka kwenye kiota. Dume likarudi baharini kutafuta mwingine.

"Marehemu mume wangu," doña Zoila akasema taratibu, "hakuwahi kuniletea hata kitunguu."

Hata bwana wa kamera alicheka, na kamera ilikuwa inalia muda wote kama cherehani.

Baadaye kidogo mtoto wa simba wa baharini akaja akijiburuta, akanusa ncha ya mpira ya mkongojo. Ramiro akatuonya kwa kidole tusimguse. Bibi hakutikisika. Yule mtoto alinusa, akaweka kidevu chake juu ya jiwe karibu na kiatu cha bibi, akasinzia. Germania alikuwa nyuma ya bibi, kashikilia kiti kwa mikono miwili.

"Germania," bibi akanong'ona, "achia kiti. Kaa chini."

Na Germania, na suruali yake nyeupe, akakaa chini juu ya lava.

Tatizo lilikuja wakati wa kurudi. Maji yalikuwa yameshuka, ngazi imebaki juu na ute wake wa kijani unang'aa, na mawimbi kutoka magharibi yalikuwa yameanza kupanda. Redio ikalia: don Hólger anataka watu warudi haraka. Wengine walivushwa na kiboti cha pili, mmoja mmoja, kwa kuruka. Bibi hawezi kuruka. Nikaona midomo ya Germania imekuwa myeupe.

Narcisa hakukaribia ngazi kabisa. Alizunguka akaingia katikati ya mikoko, kwenye kichochoro cha maji mafupi ambacho hakuna aliyewahi kumwona akikitumia. Akazima injini, akaiinua, akateremka mwenyewe. Maji yalimfika kifuani, na maji ya upande ule ni ya baridi kweli. Akavuta kiboti kwa mkono hadi kikakaa kando ya jiwe moja lililo bapa.

"Bibi, kaa juu ya jiwe. Miguu mbele. Eloy, shika kwapa lake la kushoto. Ramiro, la kulia. Dada Germania, usiangalie maji. Niangalie mimi."

"Nakuangalia," Germania akasema, na machozi yanamtoka.

Tukamtelezesha bibi kama mkate unavyoingia tanurini. Akatua katikati ya kiboti, kofia kichwani, mkongojo mkononi. "Nataka tena," akasema, na sote tukapumua.

Tulipofika botini don Hólger alikuwa akingoja ngazini. Alimsaidia bibi kupanda, kisha akamgeukia Narcisa, ambaye meno yalikuwa yanagongana kwa baridi.

"Injini imegusa mwamba?"

"Haijagusa."

"Basi nenda ukale."

Doña Zoila alirudi Cuenca, na mwanamke wa sokoni akiwa na habari, habari hiyo haihitaji redio. Miezi haijapita mingi, doña Piedad akaanza kupigiwa simu. Wazee wa Cuenca, wazee wa Loja, wastaafu wenye magoti ya vyuma, wote wanauliza boti la yule mwanamke ni lipi. Doña Piedad hakuwa mjinga. Ile miezi ambayo wageni ni wachache akaitenga kwa ajili yao: mwendo mfupi, vituo vichache, kukaa kwingi. Sisi mabaharia tukaiita safari ya mikongojo. Mpishi alinung'unika kwa sababu ya supu zisizo na chumvi. Mimi nilijifunza kupanga viti, na nilijifunza pia kwamba wazee wakikaa mezani pa baa, wanakunywa kuliko vijana.

Usidhani kila mara Narcisa alikubali kushusha watu. Tulikuwa kisiwa cha Española mara moja, na wazee walikuwa wameota kuona ndege wakubwa wa kule wakicheza ngoma yao ya uchumba. Narcisa akalisogelea gati la mawe, akayatazama mawimbi, akageuza kiboti.

"Tumetoka mbali!" mzee mmoja wa Loja akamfokea. "Unatunyima kwa nini?"

"Jiwe halihami, mzee wangu. Leo hapana."

"Wenzako wangetushusha!"

"Basi ungepanda boti la wenzangu."

Walimnunia mchana kutwa. Yeye alikula wali wake na samaki kwa raha zake, akaomba wa pili. Asubuhi iliyofuata bahari ilikuwa imelala, akawashusha wote, na yule mzee wa Loja ndiye aliyekaa kule mpaka Ramiro akamwita mara tatu.

Don Hólger alipokaribia kustaafu, doña Piedad alimwita Narcisa ofisini, akamwambia atamsomesha Guayaquil aje kuwa nahodha wa Golondrina. Sisi sote tulikuwa tumeshapanga karamu. Akakataa.

"Una wazimu," nikamwambia. "Unahodha! Kiti chenye mto!"

"Eloy, kule juu nitawaona watu wakishuka. Hapa chini nawashusha. Unaona tofauti?"

"Naona mto."

"Basi kasomee wewe."

Hakuwahi kujuta, angalau si mbele yangu. Alichoomba badala yake ni kiboti kipya chenye ubavu wa kufunguka, na mabinti wawili wa kufundisha. Alipata vyote.

Mwaka jana akachukua likizo, akaenda Cuenca kumtembelea doña Zoila. Hakuwahi kupanda milima maishani mwake. Alinisimulia mwenyewe mezani kwangu, maana mimi sasa nina kibanda cha chakula Puerto Ayora. Anasema baridi ilimwingia hadi kwenye kucha, na hewa ya kule ni haba kama supu ya hospitali. Soko lina ngazi, naye kwenye ngazi za kwanza tu akasimama kutafuta pumzi, wakati bibi na mkongojo wake ameshafika juu, anamwita kwa sauti ili watu wageuke.

"Huyu hapa! Huyu ndiye niliyewaambia!"

Wanawake wa soko waliacha meza zao wakamzunguka. Mmoja alitaka kujua kama mijusi inauma, mwingine kama mtu mwenye kisukari anaruhusiwa, wa tatu kama mume ni lazima. Doña Zoila akawasukuma wote pembeni, akamkalisha Narcisa kwenye benchi, akamwekea sahani ya nguruwe na mahindi, ngozi yake imekauka vizuri inavunjika mdomoni.

"Ulikula ngapi?" nikamuuliza.

"Sahani mbili," Narcisa akasema. "Ya tatu nilifungiwa niondoke nayo."