Mawakili Wasioruhusiwa Kusema

Nilifika mji wa Palma kufuata kibarua cha kupaka rangi, na kazi ilipokwisha nikabaki. Shule mimi niliiacha darasa la nne, lakini mlango ulio wazi siwezi kuupita bila kuchungulia. Ndivyo nilivyoingia kwenye shule ya sheria.

Ilikuwa nyumba ya bati yenye vyumba viwili. Mwalimu, mama wa makamo aliyewahi kuwa karani wa mahakama, alimwambia kila mgeni kabla hajakaa: chama cha mawakili cha taifa hakiitambui shule hii, na anayemaliza hapa haruhusiwi kumsemea mtu popote.

"Sasa mama, wanasomea nini?" nikamuuliza.

"Kaa uone."

Siku ile alikuwapo mjane kutoka kijiji cha Mute. Alipokimbia vita aliacha shamba la mikorosho. Aliporudi alikuta mtu analilima, anaapa ni lake tangu zamani. Karatasi hakuna. Alhamisi kamati ya ardhi ingekuja shambani kuwasikiliza. Akishindwa, hana pengine pa kulima.

Asubuhi tatu wanafunzi walimfanyisha mazoezi. Mmoja alijifanya mpinzani, akamkejeli: "Bibi, umeota tu. Shamba gani?" Siku ya kwanza mjane alilia. Ya pili alimtukana, darasa zima likacheka, naye mwenyewe akacheka. Ya tatu alisimama akajibu pole pole, macho hayashuki. Nilikuwa nimekaa kwenye kona, nimesahau hata kula. Siku zote nilidhani sheria inakaa vitabuni. Hapa niliiona ikiingia miguuni mwa mtu, kama mgonjwa anayeanza kutembea tena baada ya homa ndefu.

Alhamisi tukapanda chapa, basi dogo la abiria, hadi Mute. Mpinzani mwenyewe, yule aliyekuwa akililima shamba, alizungumza vizuri, watu wakaitikia. Mwanafunzi wetu mmoja, hodari kuliko wote, akashindwa kuvumilia. Akainuka: "Waheshimiwa, kwa niaba ya mteja wangu..."

"Senyor dotor," mpinzani akamkatiza, akimwita bwana wakili kwa Kireno, "karteira yako, kadi ya uwakili, iko wapi?"

Watu wakaangua kicheko. Mwenyekiti wa kamati akamwamuru akasubiri barabarani. Niliona ametuharibia.

Mjane akasimama peke yake. Akasema jambo ambalo hata darasani hakulisema, maana aliona haya kuzungumzia vyombo mbele ya wasomi: "Siku tuliyokimbia nilizika sahani zangu hapa." Akapiga hatua saba kutoka kwenye kisiki, akasimama. "Chimbeni."

Wakachimba. Udongo. Wakachimba tena, udongo mtupu. Mpinzani akatabasamu. Mara jembe likagonga kitu: beseni lililofunikwa, ndani yake sahani za bati kumi na mbili, na nyuma ya kila moja nukta tatu za rangi ya kijani. Pwani hii sahani huazimwa kwa kila arusi, kwa hiyo kila mwanamke huzitia alama yake ili zimrudie.

Mama mmoja akajipenyeza, akageuza sahani, akapiga ukelele. "Nukta tatu! Si hizi tulizolia pilau arusi ya binti yetu? Nilikuja kuziazima hapa hapa kwake!"

"Nyamaza wewe!" akafoka mpinzani. Mama yule alikuwa mkewe.

"Ninyamaze vipi, mume wangu, na sahani nazijua?"

Hata mwenyekiti alifunika uso kwa daftari akicheka. Kisha akaandika: shamba ni la mjane, mpinzani avune mihogo yake aondoke.

Nilimuuliza mwalimu kama alijua habari za sahani. "Wallahi sikujua," akasema. "Mimi nilimwondolea woga tu." Halafu akaenda barabarani kumwambia yule mwanafunzi hodari kwamba mtihani ameufeli.

Mjane hakutungoja. Alimnyang'anya mchimbaji jembe, akaanza kupalilia chini ya mkorosho wa karibu. Chapa ilipokuja tulimwita aagane nasi. Aliinua mkono bila kugeuka, akaendelea kulima.