Shimo Lililojazwa Tope

Baba yangu hakumaliza darasa la nne, na nilihakikisha watu wanalijua hilo kila liliponipa sifa. "Mimi mtoto wa mchimbaji wa Sekenke," nilijitambulisha ofisini Dar es Salaam, nao walishangaa nilivyotoka mbali. Kumtaja baba kama mahali nilipotoka hakukunigharimu kitu. Uchoyo ulinijia siku nilipotakiwa kumtaja kwa akili yake.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, milango ilipofunguliwa na kampuni za nje zikaanza kuitazama bahari yetu. Kazi yangu ilikuwa kusoma chini ya bahari bila kulowa. Meli hupita juu ya kina kirefu ikifyatua hewa iliyobanwa. Mshindo hushuka, hugonga tabaka za mchanga na tope zilizotua huko tangu enzi, na mwangwi unaorudi huandikwa kama mistari myeusi kwenye karatasi ndefu. Sisi tuliipaka rangi kwa penseli. Manjano ni mchanga, ambao gesi inaweza kujificha ndani yake. Kahawia ni tope, na kwa anayetafuta gesi tope ni hasara. Ukikosea rangi, watu watachimba pasipo na kitu.

Mwaka wangu wa pili kazini nilipewa karatasi yenye bonde la kale, lililochimbwa na mikondo kwenye sakafu ya bahari, kisha likajazwa na kufunikwa. Nililipaka manjano lote, nikajiona nimefika. Likizo ilipowadia niliiviringisha nikaificha kwenye begi chini ya vitenge. Karatasi zile zilikuwa siri, hata moja haikuruhusiwa kutoka nje ya jengo, lakini nilitaka baba aone.

Niliitandaza mkekani uani kwetu Sekenke. Baba akazikandamiza pembe mbili kwa katambuga zake za tairi alizozivua miguuni, nami nikamweleza kwa sauti ya mwalimu anayemwonea huruma mwanafunzi. Alipiga magoti, akafuata mistari kwa ukucha bila haraka.

"Mama," akasema, maana nina jina la mama yake, "hili shimo umelipaka vibaya."

Nikacheka. Kicheko kile kinanikera mpaka leo. "Baba, hii ni bahari. Siyo mashimo yenu."

"Shimo ni shimo. Tazama mistari iliyo juu yake, imebonyea katikati. Hili limejazwa tope, na tope limekaa."

Akanipeleka nyuma ya nyumba, kwenye mashimo ya zamani ya dhahabu ambayo aliyafukia mwenyewe kwa ujira. Yaliyofukiwa kwa mawe na mchanga wa korongo yalikuwa sawa na ardhi. Yaliyojazwa tope la kuoshea dhahabu yalikuwa yamebonyea kama godoro la sufi lililolaliwa miaka. "Tope lina maji mengi," akasema. "Maji yakitoka, linajikunyata, na kilicho juu kinashuka nalo. Linakaa. Mchanga haukai hivyo."

Tuliporudi mkekani aliomba penseli ya kahawia. Nilimpa, moyoni nikijua amepatia, mdomoni nikisema tutaangalia. Hakupaka, aliogopa kuharibu karatasi ya ofisi. Alichora kijistari kimoja tu chembamba kando ya bonde.

"Waambie wenzako," akasema. "Sema baba yangu amefukia mashimo miaka mingi, anayajua."

Niliporudi kazini nilifuta manjano yote na kupaka kahawia. Nilifuta na kile kijistari chake. Kikaoni nikaonyesha mistari iliyobonyea, nikasema bonde limejaa tope, na tope limekaa. Mkuu wetu, mtu asiyesifu ovyo, aliinuka akaja kutazama kwa karibu.

"Neno zuri hilo, kukaa. Umelitoa wapi?"

Baadaye nilijiambia kwamba niliogopa kukiri kuwa nilitoa karatasi nje. Huo ni uongo. Ningeweza kumtaja baba na mashimo yake bila kuigusa habari ya karatasi. Niliona haya tu kwamba mtu wa darasa la nne ameona kilichonipita mimi.

"Chuoni," nikasema.

Pale bondeni hapakuchimbwa, na mimi nikapandishwa cheo. Baba aliandika barua kuuliza kama niliwaambia. Nikamjibu kwamba niliwaambia, na kwamba wanamshukuru sana. Nasikia barua ile aliwasomea majirani zaidi ya mara moja.

Mwaka uliofuata nilisafiri na mkuu kwa gari kwenda Mwanza. Tulipokaribia Sekenke akasema, "Si ndiyo kwenu hapa? Tukamsalimie mzee." Sikupata kisingizio. Baba alipoona gari alikimbia ndani kubadili shati, akaagiza akamatwe kuku. Mkuu akamwamkia shikamoo, wakaulizana habari za mvua na alizeti. Kisha baba akajiweka sawa kwenye kigoda.

"Na lile shimo la tope," akauliza, "liliwasaidia?"

"Kumbe mzee umesimuliwa!" Mkuu alifurahi kweli. "Binti yako ndiye aliyeligundua. Hata lile neno lake la chuoni, kukaa, sasa tunalitumia ofisi nzima."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, mimi mtaalamu wa ardhi. Baba alinitazama. Angekasirika ningejua pa kushika, lakini hakukasirika. Alikuwa ananisubiri niseme. Nilikuwa na muda wa kutosha. Nilisikia kuku akikimbizwa nyuma ya nyumba, kule kwenye mashimo, mpaka akakamatwa.

"Amesoma sana huyu," baba akasema hatimaye.

"Lakini na wewe mzee ni mtu wa ardhi. Nasikia umechimba dhahabu miaka mingi."

"Dhahabu wapi, bwana," baba akajibu, akiangalia mikono yake. "Mimi nilikuwa kibarua tu. Nilikuwa nafukia mashimo."

Akainuka kwenda kuangalia kitoweo cha wageni.