Mikono ya Tyyne na Gauni la Hariri

Tyyne Hyvärinen alifua mashuka ya nyumba ya wazee kwa miaka thelathini na mmoja, na mikono yake ilikuwa msasa mtupu. Naanza na hilo kwa sababu nusu ya wanawake wa kijiji chetu walikuwa na ngozi nzuri kwa kazi ya mikono hiyo, na hakuna aliyewahi kuuliza mikono yenyewe inaendeleaje. Hata mimi Saimi, jirani yake wa ua mmoja, sikuuliza. Naona haya mpaka leo.

Kila Jumamosi tulijaa kwenye sauna yake, kile chumba cha mvuke kando ya ziwa. Alitusugua migongo kwa asali na chumvi ya jikoni. Nywele alizisuuza kwa maji ya majani ya mti wa betula, na kucha zinazokatika akazipaka mafuta ya kitani yaliyopashwa moto kidogo. Lakini sifa yake kubwa ilikuwa marhamu ya visigino: utomvu wa msonobari, siagi na nta kidogo, basi.

Siku moja aliokota kikopo changu cha krimu ya dukani, akakigeuzageuza.

"Shoga, hapa umelipia kifuniko," alisema. Wote wakaangua kicheko, na mimi nikanuna kutwa nzima.

Riikka wa nyumba ya tatu alipokuwa na miaka kumi na minne, chunusi zilimfunika uso akagoma kwenda shule. Tyyne alitia unga wa oti kwenye soksi kuukuu, akauchovya katika maziwa ya mgando, akamfuta uso kila jioni majira yote ya baridi. Kama ni oti zilizomponya au ni kule kushikwa usoni na mtu asiyekunja pua, sijui. Najua alirudi shule. Na alipojifungua mtoto wake wa kwanza, alisema atakayempakata siku ya ubatizo ni shangazi Tyyne, hakuna mwingine.

Tyyne hakuwa na mtoto wala mjukuu. Alipopata habari hiyo alienda mjini kununua viatu, yeye ambaye viatu vyake alivirithi kwa dada yake.

Kikwazo kilikuwa gauni. Lilikuwa la ukoo wa mume wa Riikka, hariri nyembamba, na kwenye pindo lake yametariziwa majina ya watoto wote waliobatizwa nalo, kumi na saba. Bi Birgitta, mama mkwe wa Riikka, alilileta kwa Riikka wiki moja kabla ili tulione. Tyyne akaugusa mkono wa gauni kwa ncha ya kidole. Uzi ukanasa kwenye ufa wa ngozi, ukavutika.

"Ondoa mkono!" Bi Birgitta alimaka. "Mama, hiyo ni mikono au ni tupa? Ikilainika kufikia Jumapili, sawa. Isipolainika, atakayempakata mtoto ni dada yake Riikka."

Tyyne alificha mikono chini ya aproni. Njiani kurudi nyumbani, mimi damu ilinichemka.

"Jipake marhamu yako!" nilimwambia.

"Imekwisha. Ya mwisho nimempa muuza samaki."

"Basi nitapika mimi."

"Usisahau kijiko, Saimi."

Kijiko! Tyyne alikuwa hapimi kitu. Aliangusha tone la marhamu kwenye kijiko cha baridi, akaligusa. Likinata, anaongeza siagi. Mimi nikaona huo ni uchawi wa kizee. Kama utomvu kidogo unaponya, mwingi si utaponya zaidi? Nikamimina wote. Jumamosi, baada ya sauna, nikampaka hadi kwenye vifundo vya mikono, nikamvisha glavu nyeupe za pamba na kumwapisha asizivue mpaka afike kwenye ubatizo.

Jumapili, jikoni kwa Riikka, maana ubatizo ulikuwa nyumbani kwake, nikavuta glavu ya kwanza. Haikutoka. Nikavuta tena, Tyyne akakunja uso. Zilikuwa zimegandana na ngozi kama kwa gundi.

"Ulitumia kijiko?" aliniuliza taratibu.

Nikaangalia dari.

"We mwanamke, una kichwa cha kisiki! Lete siagi."

Lakini Bi Birgitta alikuwa amesimama mlangoni. Aliziona zile glavu, uso ukamchanua.

"Ah, mmefikiri vizuri sana. Glavu! Zimependeza, na gauni liko salama. Msizivue."

Tyyne alinitazama, akatabasamu tabasamu la mtu anayekubali nusu ya alichoahidiwa. "Haya. Ilimradi nimshike," alisema. Ningeweza kulia palepale.

Mchungaji alipoanza sala, mtoto alikuwa kwenye mapaja ya Tyyne. Ulipofika wakati wa kumvua kofia ili amwagiwe maji, Tyyne alishika utepe wake, lakini utomvu ulikuwa umepenya pamba na vidole havikuachana. Alijaribu mara mbili, mara tatu. Mtoto akaanza kupiga kelele. Watu wakakohoa. Dada yake Riikka akanyanyuka kwenye kiti.

"Kaa," Riikka alimwambia. "Mchungaji, tusubiri kidogo."

Akaenda kwenye meza ya kahawa, akarudi na sahani ya siagi. Akapiga magoti mbele ya Tyyne katika nguo yake ya sherehe, akaingiza siagi ndani ya glavu kwa kidole, polepole, ngozi na pamba zikaachana. Akamfuta kwa taulo, kisha kwa unga. Mikono ikatoka myekundu, yenye nyufa zilezile.

Tyyne akafungua utepe. Akakiinamisha kile kichwa kidogo kwenye bakuli la fedha, na mtoto akanyamaza.

Walipomaliza, uzi mrefu ulikuwa umechomoka kifuani pa gauni, na mwisho wake umenasa kwenye kidole gumba cha Tyyne. Bi Birgitta akachukua mkasi.

"Weka chini, mama," Riikka alisema. "Uutoe uzi kidoleni, lakini usiukate."

"Utaonekana kwenye picha!"

"Na uonekane. Pindo lina majina ya watoto tu. Waliowapakata hatumjui hata mmoja. Huyu tutamjua."

Bi Birgitta aliuweka mkasi mezani. Akaushika mkono wa Tyyne ili autoe uzi, akaugeuza, akaitazama mipasuko kwa mara ya kwanza.

"Na wewe," alimuuliza, "nani anakupaka?"

Sisi wote tuliokuwa na visigino laini tukatazama sakafu.

Jumamosi iliyofuata tulimkalisha benchi la juu la sauna, tukamwambia anyooshe mikono. Mimi nilianza na kijiko.