Nyuma ya Magunia

Juzi, huko kijijini Itiryo, nilisikia filimbi na nyimbo za kumsindikiza msichana aliyekeketwa. Nikakumbuka mchana ule Bhoke, binti wa jirani, alipojificha kwetu nyuma ya magunia ya mahindi. Mama alikuwa amejitolea kutetea wasichana. Mimi nilimwonea Bhoke huruma: wenzake waliokeketwa walikuwa wakipewa kanga mpya na miavuli, yeye anavuta vumbi.

"Mama Ghati, binti yangu yuko hapa?" baba yake aliita mlangoni.

"Hayupo, shemeji," mama alijibu.

Bhoke alinibana mkono hadi ukauma. Nilidhani anaogopa kuchapwa kwa kukosa sherehe.

Msimu uliofuata, aliyebisha hodi alikuwa bibi yangu mwenyewe, na nyuma ya magunia nilikuwa mimi.