Mama Kipande na Tandawala

Kitengela ya mwaka 2003, ukitaka picha ya kipande, ile ya kitambulisho, ulikuwa na pa kwenda pawili. Kulikuwa na studio ya Peterson, yenye pazia la maporomoko ya maji na kiti cha kuzunguka. Halafu kulikuwa na Mukai, mama wa Kikamba aliyetundika shuka jeupe kwenye ukuta wa nyumba ya kupanga na kumwambia kila mteja, "Inua kidevu, usicheke." Watu wakambandika jina la Mama Kipande. Hakuchukia, maana jina linalokulisha utalichukia vipi?

Basi hifadhi ndogo ya wafugaji, kwenye njia ya kwenda Isinya, ikatangaza kwamba inatafuta mpiga picha. Atakayeleta picha bora ya tandawala, yule ndege mkubwa wa mbugani anayetembea kama chifu aliyechelewa baraza, ndiye atakayeandikwa kazi. Mukai akatamka mbele ya akina mama wa kanisa kwamba kazi hiyo ni yake. Peterson aliposikia alicheka mpaka akashika ukuta.

"Wewe? Na hiyo lenzi fupi? Tandawala hawezi kaa kwa kiti aambiwe ainue kidevu!"

Na kusema kweli, mara ya kwanza aliumbuka. Alimaliza roli nzima, picha thelathini na sita, na ziliposafishwa, ndege alikuwa nukta tu. Kiema mumewe aligeuza moja juu chini, akamwita kwa jina la mtoto wao na kuuliza kwa upole, "Mama Mutunga, ndege ako wapi hapa?" Mukai aliona aibu hadi masikio yakawaka. Lenzi ndefu ya kuvuta vitu vya mbali hakuwa nayo, na aliowaomba wote walikuwa na visingizio.

Kesho yake Kalunde, jirani yake, akamletea mtoto aliyelia kila akiona kamera. Dawa ya watoto kama hao Mukai aliijua. Hufyatua kamera bila filamu, kachak, kachak, mara ishirini, mara thelathini, mpaka mtoto achoke kuogopa. Hapo ndipo anapotia filamu. Mtoto aliponyamaza, Mukai akajipiga paji la uso.

"Ala! Si hata ndege ni mtoto wa mtu!"

Kuanzia siku hiyo, kila alfajiri kwa wiki sita, alikuwa langoni mwa hifadhi. "Sopa, mama," askari wa wanyama, Katoo, humwamkia kwa Kimaasai. "Ipa," naye hujibu. Katoo alimwonyesha mahali tandawala dume anapochezea, akamwonya avae leso ile ile moja na akae pale pale. Mukai akakaa, akafyatua kamera tupu. Ndege akaondoka zake. Wiki ya pili ndege alisimama mbali akamtazama. Wiki ya nne alikuwa anadonoa panzi kama hakuna mtu.

"Hiyo kamera iko na filamu?" Katoo akamuuliza siku moja.

"Haina."

"Na unapiga?"

"Napiga."

Katoo akamwuliza kama amekunywa chai. Habari zikafika mjini, na Peterson akazifanya wimbo. "Mkono mtupu haulambwi, sembuse kamera tupu!"

Wiki ya tano, lahaula! Dume alikuja hatua kumi kutoka kwake, akavimbisha shingo ikawa nyeupe kama mto wa kulalia, akainua mkia mpaka mgongoni, akavuma, vum, vum. Na kamera haina kitu. Mukai alitaka kulia.

"Mama, kesho tia filamu," Katoo akamsihi.

"Bado. Nikifyatua anageuza kichwa. Wacha azoee."

Alitia filamu zikiwa zimebaki siku mbili kabla ya mwisho wa kupokea picha. Siku ya kwanza ndege hakuonekana kabisa, na Mukai akarudi nyumbani hana hamu ya chakula. Siku ya mwisho alikaa pale pale, akiona kicheko cha Peterson kinamngoja barabarani. Jua likapanda. Kisha dume akajitokeza kwenye nyasi, huyoo, hatua tano. Akavimba. Akageuka, akaitazama lenzi sawasawa. Mukai akanong'ona, "Inua kidevu," akafyatua, na yule ndege hata hakupepesa.

Kwenye ukumbi wa hifadhi zilitundikwa picha ishirini na mbili. Nyingi zilikuwa za migongo na miguu inayokimbia. Ya Peterson ilikuwa na rangi nzuri, lakini tandawala wake alikuwa mbioni. Ya Mukai ilikutazama machoni, kila unyoya wa shingo unahesabika, na watu walirundikana hapo wakasahau nyingine. Mwenyekiti wa hifadhi hakungoja hotuba, akampa mkono na kazi papo hapo. Akina mama wa kanisa wakapiga vigelegele hadi mbwa wa langoni wakabweka.

"Mama, hii umepiga na lenzi gani?" mwenyekiti akauliza.

"Ya kipande."

Peterson akapenya katikati ya watu, kofia mkononi. "Mukai, tafadhali. Huyu ndege ulimfanya nini?"

"Nilimwambia ainue kidevu."